Ishara Haikaririwi: Kiondo, Chungwa na Kisima katika Darasa la Fasihi

Mwalimu mwenzangu, ukikaa kusahihisha majibu ya fasihi ya kidato cha nne, aghalabu utakutana na sentensi ya aina hii: "Kisima kinaashiria rasilimali za nchi." Sarufi yake ni sawa. Hata maana yake si ya kupotosha. Tatizo ni kwamba wanafunzi thelathini wameiandika kwa maneno yale yale, na ukimwita mmoja wao na kumuuliza amejuaje kuwa kisima ni rasilimali, atakutajia ukurasa wa mwongozo, si ukurasa wa tamthilia. Amepewa jibu bila kuonyeshwa njia. Siku mtahini akibadilisha swali kidogo, jibu linamtoka.

Makala haya yanadai kuwa ishara haina maana iliyowekwa akibani ikisubiri kukaririwa. Maana yake hutokana na jinsi ilivyopangwa: imewekwa wapi, imerudiwa mara ngapi, imekaribishwa na nini, imetengwa na nini. Mambo haya ni yale yale anayoyazingatia mchoraji, mchongaji au msusi wa vikapu. Nasi tunaofundisha Kitui na Makueni tuna bahati, kwani nyenzo za kuyafundishia zimetundikwa ukutani nyumbani kwa kila mwanafunzi.

Kwanza tuondoe utata wa istilahi, maana ndipo wengi wetu huteleza. Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji kupitia hisi zake. Jazanda humtaja mtu au kitu kwa kutumia kingine: kiongozi anaitwa fisi, wala hakuna fisi yeyote katika hadithi. Ishara ni tofauti. Chenyewe kimo ndani ya hadithi, kinafanya kazi yake ya kila siku, kisha kinabeba maana ya ziada. Kisima katika Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotahiniwa shuleni katika miaka ya 2000, ni kisima kabla hakijawa kitu kingine. Kina maji. Watu wana kiu. Mwanafunzi anayerukia "rasilimali" kabla ya kuiona kiu amekwisha kuipoteza ishara yenyewe.

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aligawa alama katika aina tatu, na mgawanyo wake unafundishika hata kidato cha pili. Kuna alama inayofanana na kitu chake, mathalan kinyago cha twiga. Kuna inayosababishwa na kitu chake: nyayo za fisi kwenye mchanga wa mto zinatuambia kuwa fisi amepita. Na kuna ile ambayo uhusiano wake na maana umetokana na makubaliano ya watu tu. Bendera ya Kenya ni ya aina hii ya tatu. Kila mtoto anajua kuwa nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, na nyeupe ni amani. Hapo kukariri ni halali, kwa kuwa maana ilitangazwa rasmi. Nashuku kuwa ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Tulifunzwa ishara kwa bendera, kisha tukaanza kuzisoma tamthilia kana kwamba nazo zilipandishwa mlingotini tarehe 12 Desemba 1963 zikiwa na orodha ya maana pembeni.

Hata ishara za makubaliano hazitulii. Wanafunzi wetu wa leo hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 2005, lakini wazazi wao wanakumbuka. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba mwaka huo, waliounga mkono katiba iliyopendekezwa walipewa ndizi na waliopinga wakapewa chungwa, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Chungwa halina upinzani wowote ndani yake. Ndizi haina utiifu. Matunda haya yalikuwa vibandiko tu. Hata hivyo, baada ya majuma machache ya mikutano, watu walikuwa wakibeba machungwa juu, wakiyagawa na kuyala hadharani, na upande wa chungwa uliposhinda kwa takriban asilimia 58, tunda hilo likageuka jina la chama kizima cha siasa. Waulize wanafunzi: ni nani aliyeitia ile picha maana? Si tume iliyoichapisha kwenye karatasi ya kura. Maana ilitokana na matumizi: kurudiwa, kubebwa, na zaidi ya yote kuwekwa kando ya mpinzani wake. Chungwa bila ndizi lisingesema lolote. Huo ndio ulinganuzi, na ni msingi mmojawapo mkuu wa usanifu wa picha na wa fasihi pia.

Sasa mlete kiondo darasani. Kiwe cha zamani ikiwezekana, kile cha nyuzi za katani au cha magome ya mbuyu ambacho nyanya alikisuka, si kile cha uzi wa dukani chenye ngozi na zipu. Mwambie mwanafunzi akigeuze atazame kitako. Usukaji huanza pale katikati ya kitako, uzi ukazunguka na kuzunguka hadi ukapanda ukutani na kufika mdomoni. Kwa hiyo msusi hana nafasi ya kurudi nyuma kuongeza rangi aliyoisahau. Lazima ajue mapema mstari mweusi utaingia wapi na utarudi baada ya mizunguko mingapi. Muulize mwanafunzi: jicho lako limekwenda wapi kwanza? Aghalabu atakuonyesha mstari wa rangi iliyokolea uliozungukwa na rangi ya katani isiyotiwa chochote. Funika mstari huo kwa kitambaa. Kiondo kinabaki kiondo, kinabeba mahindi vile vile, lakini sasa jicho halina pa kutua.

Mambo manne yamekwisha kufundishika hapo bila ubao: urudiaji, ulinganuzi, mkazo, na nafasi iliyoachwa wazi. Yahamishe kwenye ushairi. Shairi la tarbia lina ukwapi na utao, mizani nane huku na nane kule, vina vikishuka kama nguzo mbili, na kibwagizo kikirejea mwisho wa kila ubeti kama ule mstari mweusi wa kiondo. Kisha yahamishe kwenye mashairi ya huyo huyo Kithaka wa Mberia, katika diwani kama Mchezo wa Karata na Bara Jingine, ambamo maneno hutawanywa, huteremshwa ngazi kwa ngazi, na nafasi tupu hufanya kazi sawa na neno. Tunawaambia wanafunzi kuwa haya ni "mashairi huru", kisha tunanyamaza, kana kwamba uhuru ni ukosefu wa mpango. Mwanafunzi aliyekwisha kukisoma kiondo hatakubali jibu hilo. Atauliza kwa nini neno hili limesimama peke yake.

Turudi kisimani. Tazama kwanza anwani: Kifo Kisimani. Maneno mawili, yote yakianza kwa ki-, yamewekwa bega kwa bega, ilhali moja ni mwisho wa uhai na jingine ni mahali uhai unakoteka maji. Kabla pazia halijafunguliwa, ulinganuzi umeshafanywa. Halafu tazama mahali. Mwandishi angeweza kumfisha Mwelusi gerezani au msituni. Kwa nini kisimani, na kwa nini mkono uliotumiwa na utawala wa Bokono uwe wa Gege, ndugu yake?

Hapa mwanafunzi wa Kitui anajua jambo ambalo mwongozo haukumwandikia. Wakati wa kiangazi mito yetu ya mchanga hukauka juu, na maji hutafutwa kwa kuchimba. Shimo likizidi kina, mmoja huingia na kuinama kuteka, na mwingine husimama ukingoni akipokea kibuyu au mtungi. Aliye shimoni hawezi kujitetea. Mchanga ukiporomoka, au mtu mbaya akija, tegemeo lake ni yule aliye juu. Kwa hiyo hukumpeleka mtu usiyemwamini asimame ukingoni; ulimpeleka ndugu. Ukiuweka usaliti wa ndugu karibu na maji, hukuongeza mapambo kwenye hadithi. Umevunja agano ambalo kila mchota maji anaishi kwalo. "Rasilimali" ni sehemu ya maana hii, lakini ni sehemu yake iliyo nyembamba zaidi.

Kithaka hakuanza mwanzo. Nyuma ya tamthilia yake kuna mighani ya Fumo Liyongo wa pwani, aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa kudungwa kitovuni, akajikokota hadi kisimani na kufa amepiga goti, upinde umevutwa. Watu wakaogopa kuchota maji kwa kudhani yu hai. Nijuavyo mimi, hakuna picha iliyopangwa vyema kuliko hiyo katika fasihi yetu simulizi: mwili mmoja uliotulia katikati, na mji mzima wenye kiu ukiuzunguka kwa mbali. Wala si ajabu kuwa Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeitungia utenzi mwaka wa 1913, alikuwa pia mchongaji wa mbao na mwandishi wa hati za Kiarabu aliyesifika. Aliyezoea kuamua ua litachongwa wapi kwenye mlango alijua pia pa kumpigisha shujaa goti.

Kuna mwalimu atakayenipinga, na ana haki. Atasema: tukimruhusu kila mwanafunzi alete mto wake na kiondo chake, si kila mmoja atatoka na maana yake? Hatari hiyo ipo. Mwanafunzi wa Makueni akikuta mvua katika hadithi ataandika "baraka" bila kusita, kwa sababu kwao mvua za Novemba zikikosa, debe la mahindi halipatikani. Lakini mwandishi anaweza kuwa ameinyesha mvua hiyo juu ya nyumba isiyo na paa, siku ya mazishi, mara tatu mfululizo. Hapo mvua si baraka, na ujuzi wa nyumbani lazima usalimu amri mbele ya mpangilio wa kazi. Mbuyu vivyo hivyo: Kibwezi ni matunda na nyuzi, lakini katika msemo wa "kuzunguka mbuyu" ni mlango wa nyuma wa rushwa. Ujuzi wa mwanafunzi humpa swali la kuanzia. Ushahidi wa jibu hutoka kwenye matini.

Kwa sababu hiyo nimeacha kuuliza "kitu hiki kinaashiria nini?" Swali hilo linaomba neno moja, na mwanafunzi hutoa neno moja. Nauliza maswali mengine: kitu hiki kimetokea wapi na wapi? Nani yuko karibu nacho kila mara? Kimebadilika vipi kati ya mara ya kwanza na ya mwisho? Kingeondolewa, nini kingeanguka? Majibu huja polepole, na mengine huja yamepinda. Lakini hayafanani, na kila moja lina ukurasa wa tamthilia nyuma yake. Kwa karatasi ya 102/3, ambako hoja bila mfano kutoka kitabuni huambulia alama chache, mwanafunzi wa aina hii hupata anachostahili hata kama neno "rasilimali" halikumjia kabisa.