Nani Asomaye Kuta za Mji?

Mwaka 1997 Landry na Bourhis walifasili mandhari ya lugha kuwa ni jumla ya maandishi ya hadharani: alama za barabara, matangazo, majina ya mitaa na ya mahali, vibao vya maduka na vya majengo ya serikali. Fasili hiyo imezaa tafiti nyingi, lakini mara nyingi vibao vinahesabiwa, msomaji hatajwi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Luxembourg kilijaribu kuushirikisha umma kwa programu ya simu iitwayo Lingscape: raia hupiga picha ya kibao, huiweka katika ramani na kutaja lugha zilizomo.

Hatua hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, ikipelekwa Uvira yazua maswali mawili. Kwanza, kupiga picha mbele ya majengo ya serikali nchini Kongo kwaweza kumtia raia mashakani. Hatari humwangukia yeye, si mtafiti. Pili, kutaja lugha si jambo jepesi. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini mtu wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, ashukaye mjini akiwa na Kifuliiru cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, akikuta neno la Kifaransa limeandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, ataliweka fungu gani?

Jibu lilikwisha kudokezwa Kongo kwenyewe. Historia ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, haikufuata tahajia sanifu wala mgawanyo wa kawaida wa maneno. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, hakutegemea macho yake peke yake: Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na maana ikasikika.

Hapo ndipo ushirikishaji wa kweli unapoanzia. Mchora vibao, mwenye duka na mpita njia waombwe kusoma kwa sauti na kueleza, na maneno yao yahifadhiwe kando ya picha. Huenda wakatofautiana, tofauti hiyo nayo ni ushahidi. Pasipo sauti zao, Kiswahili cha Uvira kitaingia katika kumbukumbu za wataalamu kama orodha ya makosa, na wenyewe watabaki wabeba kamera katika utafiti wa lugha yao.