Sarafu ya Trevithick na Istilahi Zake

Mwaka 2004 Uingereza ilitoa sarafu ya pauni mbili kuadhimisha miaka 200 ya kichwa cha treni cha mvuke kilichoundwa na Richard Trevithick. Tarehe 21 Februari 1804 mtambo huo ulivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 kutoka kiwanda cha chuma cha Penydarren, huko Merthyr Tydfil, Wales ya Kusini, hadi Abercynon.

Sarafu hii ina kiini cheupe ndani ya pete ya manjano. Mfasiri mwenye haraka ataiita 'sarafu ya madini mbili'. Tukiacha kosa la upatanisho, maana yenyewe imepotoka. Madini huchimbwa ardhini. Kilichomo katika sarafu ni metali, tena iliyochanganywa. Kiini ni shaba na nikeli. Pete ni shaba, nikeli na zinki. Metali basi ni tatu, na iliyo nyingi pande zote mbili ni shaba ile ile! 'Sarafu ya aloi mbili' ingemridhisha mkemia, lakini karani wa benki hataitumia. Napendekeza 'sarafu ya metali mbili', mradi kamusi ieleze kwamba kinachohesabiwa ni sehemu, si elementi. Istilahi hiyo itaifaa pia shilingi 40 iliyotolewa Kenya mwaka 2003 kwa miaka 40 ya uhuru.

Ugumu halisi umo katika maandishi yaliyochorwa juu yake: INVENTION, INDUSTRY, PROGRESS. La kwanza lisifasiriwe 'ugunduzi', kwani mtambo haukuwa umefichika mahali ukingoja kuonekana, 'uvumbuzi' latosha. La pili ndilo hutega. Kwa Kiingereza lina maana ya viwanda na pia ya bidii, na Kiswahili chatulazimisha kuchagua. Ukiandika 'viwanda', msomaji ataona majengo na wenye mali. Ukiandika 'bidii', atawaona wafua chuma, ambao sarafu haiwataji. Mimi nachagua 'viwanda', kwa sababu ya gurudumu la meno lililochorwa hapo, lakini sichagui kwa moyo mkunjufu.

'Maendeleo' nayo yataka tahadhari. Reli za chuma cha kusubu zilivunjika kwa uzito wa mtambo, na baada ya safari chache farasi wakarudi kazini.

Aidha, sarafu inayosifu urithi wa viwanda wa Wales ya Kusini imeandikwa jina la mtu mmoja, mzaliwa wa Cornwall. Atakayeandika maelezo ya picha yake kwa Kiswahili na aitaje Penydarren.