Leza "salama kwa macho": salama kwa kipimo gani?

Ukisoma matangazo ya leza za infraredi, hasa zile za nanomita 1550, utakutana na maneno haya mara kwa mara: "salama kwa macho". Wataalamu wakiyasema wanaelewana. Shida ni sisi wengine, tunaosikia kwamba ukimulikwa hakuna neno. Maneno hayo yanaeleza nishati inaishia wapi ndani ya jicho. Hayasemi kwamba jicho litabaki zima.

Tuyape haki yake kwanza. Miale ya kati ya nanomita 700 na 1400 hatuioni, lakini inapita kwenye konea na lenzi kama mwanga wa kawaida, kisha inakusanywa kwenye kinukta kimoja cha retina. Mkusanyo huo unaweza kuongeza ukali wake kama mara 100,000. Ukivuka 1400, maji yaliyomo kwenye jicho huimeza karibu yote kabla haijafika nyuma. Ndiyo maana viwango vya kimataifa, kwa mwale usiokatika unaomulika kwa zaidi ya sekunde 10, huruhusu takriban wati 50 kwa mita ya mraba kwenye nanomita 1064, na 1000 kwenye 1550. Tofauti ya mara ishirini si ya kubeza.

Lakini hebu tazama hiyo 1000. Kwenye 1550, kikomo cha ngozi kwa eneo dogo ni hicho hicho! Yaani jicho halijawa salama, limepewa tu kikomo sawa na cha ngozi. Na ngozi inaungua. Leza ya 1550 ikiwa na nguvu ya kutosha itaichoma konea kama itakavyokichoma kidole.

Wala usalama wa jicho hauhami kwenda kwenye vitu vingine. Januari 2019, kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, mtu mmoja alipiga picha gari lililofungwa leza ya kupimia umbali, kamera yake ikabaki na madoa ya kudumu kwenye kihisi. Mtengenezaji akasema leza yake ni salama kwa macho. Huenda ni kweli, ila kamera haina maji ndani ya kumeza miale hiyo.

Lawama yangu ya pili iko kwenye stika. Kiwango cha IEC 60825-1 kinazipanga leza kwa madaraja, na kwa jumla ni kazi nzuri. Daraja la 2 linategemea jicho kukwepa mwanga mkali ndani ya sekunde 0.25, na ni la mwanga unaoonekana tu. Infraredi haimo, maana utakwepaje usichokiona? Retina nayo haisikii maumivu. Angalau kidole kikisikia joto unakivuta, ingawa leza kali hukuwahi.

Sasa ongeza kiashirio cha kijani kinachouzwa kwa bei poa. Vingi hutengeneza kijani kutokana na miale ya nanomita 808 na 1064, na chujio la kuizuia isitoke huachwa ili kupunguza gharama. Watafiti wa NIST, Marekani, walipima viashirio vitatu vilivyotangazwa kuwa vya miliwati 10. Kimoja kilitoa kijani hafifu, kumbe kinatema karibu miliwati 20 za infraredi. Mtumiaji angedhani betri imeisha, akichungulie.

Mafundi wa faiba wana mtego wao. Waya mmoja wa kuingiza intaneti nyumbani unaweza kubeba 1310, 1490 na 1550. Ukiitegemea sifa ya 1550, umesahau kwamba 1310 iko upande wa pili wa mpaka, ule unaofika kwenye retina. Kuchungulia ncha ya waya ili kuona "kama mwanga upo" hakupimi chochote, maana miale yote mitatu haionekani. Ukichungulia kwa lenzi ya kukuza ndiyo unaongeza hatari. Tumia kipimo cha nguvu ya mwanga.

Kwa hiyo ukiambiwa leza ni salama kwa macho, uliza: nguvu yake ni kiasi gani, mwale una upana gani, na ni salama kwa muda gani? Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu kwa tarakimu. Akikurudishia neno "salama" tu, usimulike wala usimulikwe.