Ufundi wa Mama Kayai

Katika miaka ya themanini na tisini, ndoa iliyojulikana kuliko zote nchini Kenya haikufungwa kanisani, msikitini wala kwa mkuu wa wilaya. Ilikuwa ndoa ya Mzee Ojwang' Hatari na Mama Kayai katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga. Watazamaji waliiamini hata wakaapa kwamba wawili hao ni mume na mke wa kweli, na hakuna maelezo yaliyowatoa katika imani hiyo. Mzee Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kana kwamba alizaliwa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mama Kayai ni Mary Khavere, na jina hilo linatoka Uluhyani. Watu wawili wasiooana, na wasio Wajaluo, waliingia studio wakajenga nyumba ya Kijaluo ambayo taifa zima lilikuwa na hakika nayo.

Sifa nyingi za nyumba hiyo zilimwendea mzee, na alizistahili. Hata hivyo, kila ninapovirudia vipindi vile macho yangu huhamia kwa mama. Nimeshawishika kwamba yeye ndiye aliyebeba uzito wa kipindi, na kwamba kazi aliyoifanya ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa katika sanaa ya uigizaji. Leo nataka kuisifu.

Mtazame anapomsikiliza mumewe. Mzee ana la kujitetea, na maneno yanamtoka kwa fujo, sentensi moja ikiikanyaga nyingine. Mama Kayai hamkatizi. Anaacha utetezi ukue, upate matawi, uanze kujipinga wenyewe. Anageuza shingo kidogo. Mkono unapanda kiunoni. Hajasema neno, na tayari sisi watazamaji tumeshajua kwamba mzee amekwisha. Anapofungua kinywa, swali lake ni fupi, la kawaida kabisa, la mke anayeuliza habari za nyumba yake. Kicheko kinalipuka hapo, na mzee ndiye anayehesabiwa kuwa amechekesha.

Ndivyo ufundi huu ulivyo. Katika vichekesho vya wawili, anayetupa neno humtegemea anayelipokea. Mpokeaji akiwahi kucheka, neno limekufa. Akichelewa kushangaa, limepita. Akionyesha kwamba anajua kuna mzaha, mtazamaji anakumbuka kwamba anatazama maigizo, na nyumba yote inaporomoka. Mary Khavere alimkasirikia Mzee Ojwang' kwa hasira ya kweli, akamhurumia kwa huruma ya kweli, na hakuwahi kutukonyeza sisi tulioketi mbele ya runinga. Kwake hayo yalikuwa maisha ya Mama Kayai, na maisha yale hayakuwa na kichekesho hata kimoja. Kucheka ilikuwa kazi yetu.

Mimi ni mtoto wa Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, na kipindi kile nilikijua sebuleni kwa jirani. Siku ya Vitimbi watoto tulijazana sakafuni, wazee wakakalia viti, akina mama wakasimama mlangoni na watoto mgongoni. Nakumbuka vizuri kwamba hatukucheka mahali pamoja. Sisi watoto tulicheka mzee aliporopoka. Akina mama walicheka Mama Kayai aliponyamaza. Walikijua kimya kile. Walikuwa wamekinyamaza wao wenyewe mwisho wa mwezi, mshahara ulipofika nyumbani ukiwa nusu, na walikuwa wanakiona kwa mara ya kwanza kikipewa nafasi mbele ya nchi nzima.

Ndiyo maana nasema kipindi kile kilikuwa chetu watu wa Eastlands, hata kama studio zilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Mitaa hii ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli. Kaloleni ilijengwa na baraza la mji katika miaka ya arobaini. Bahati, Maringo, Mbotela, Shauri Moyo na Jericho zikajaa makarani, makuli, manesi, makondakta na mafundi kutoka kila pembe ya nchi. Baadaye, miaka ya sabini, zikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Mjaluo alitenganishwa na Mkamba kwa ukuta mmoja, na wote wawili wakachota maji na Mluhya na Mkikuyu kwenye bomba moja. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, lakini kila mmoja alikuja nacho na ulimi wa kwao. Mtoto wa ploti alijua, hata akiwa amefumba macho, ni mama yupi anayemwita.

Sikio la namna hiyo ndilo mtaji wa kwanza wa mwigizaji wa vichekesho nchini kwetu. Kuigiza lafudhi ya kabila lingine ni hatari. Asiye na ufundi humdhalilisha jirani yake, akachekwa leo na kuchukiwa kesho. Mary Khavere hakutumia ulimi wa Mama Kayai kumfanya mjinga. Mama Kayai aliongea Kiswahili cha kwao na bado ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote chumbani. Aliona hila kabla haijakamilika. Alijua bei ya sukari na alijua uongo unafananaje. Mwanamke wa mtaa asiyejua Kiingereza alimtazama akajiona ana heshima. Hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilipima akili ya mtu kwa Kiingereza chake.

Kuna ugumu mwingine wa kazi hii ambao watu hawauoni. Mwigizaji wa filamu huishi na mhusika miezi kadhaa, kisha humuaga. Mwigizaji wa jukwaani hupigiwa makofi usiku uleule. Mwigizaji wa kipindi cha kila wiki hana kwaheri wala makofi. Wiki hii Mama Kayai amemsamehe mzee. Wiki ijayo lazima ashangae upya, kwa kosa lilelile, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mhusika haruhusiwi kubadilika, na aliyembeba anabadilika kila siku. Anazeeka, anafiwa, anaugua, anadaiwa kodi ya nyumba. Siku ya kurekodi anayaacha hayo yote mlangoni. Kurudia jambo moja miaka na miaka bila kulichosha ni kipaji adimu, na mwenye nacho anastahili kuitwa msanii mkubwa.

Vichekesho vyetu vya mwanzo redioni na kwenye runinga vilitawaliwa na wanaume, kina Kipanga na Mzee Pembe. Mama Kayai alifungua mlango, na waliomfuata waliingia kwa kishindo. Mwaka 2007 runinga ya Citizen ilipoanza kuonyesha Papa Shirandula, Charles Bukeko aliigiza bawabu aliyemficha mkewe kazi yake: anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anavaa sare ya ulinzi. Kisa hicho kingekuwa mzaha wa dakika tano bila Wilbroda, mke aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde. Majigambo yake juu ya cheo cha mumewe ndiyo yaliyofanya siri ile iwe nzito, na ikawa na huzuni ndani yake. Ni wanaume wangapi wa Eastlands wamewahi kuondoka asubuhi na heshima wasiyoikuta waendako? Katika Auntie Boss! ya runinga ya NTV, Nyce Wanjeri akawa Shiru, yaya anayewajua mabosi kuliko wanavyojijua. Mwaka 2018 alikwenda Lagos akarudi na tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika vichekesho kutoka AMVCA, tuzo za filamu na runinga za Afrika. Mke wa mzee, mke wa bawabu, yaya: wanawake ambao mji huwapita bila kuwaamkia, wakapewa kiti cha mbele na waigizaji waliowasikiliza kwa makini.

Ufundi huu una shule zake, nazo ni ngumu. Wengi huanzia kwenye tamasha za maigizo za shule, ambazo zimekuwepo tangu 1959. Wengine hupita kwenye vikundi vinavyozunguka na vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, wakiigiza asubuhi shule moja na mchana nyingine, vumbi kooni. Wengine hunoa vipaji kwenye kumbi za mitaa, kama ule wa Kaloleni. Kisha huja Barabara ya Harry Thuku, yaliko majengo ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, na Jumba la Maigizo la Taifa. Barabara hiyo moja imebeba sehemu kubwa ya kicheko cha nchi hii.

Na sasa lazima niseme lililo zito. Benson Wanjau alifariki Julai 2015. Kabla ya hapo macho yake yalikuwa yamefifia, na Wakenya walichanga ili atibiwe. Walichanga kwa mapenzi, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Lakini msanii aliyeingia kila nyumba yenye runinga hakupaswa kungoja harambee ili aone. Heshima ya taifa kwa wachekeshaji wake isianze siku ya ugonjwa.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua haki za mwigizaji, na PRISK, chama cha haki za waigizaji na wasanii wengine, kiliundwa ili kukusanya na kugawa malipo yanayotokana na haki hizo. Vipindi vya zamani vinaonyeshwa tena, vinatazamwa mtandaoni, vinachekesha watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Kila mara uso wa mwigizaji unapofanya kazi, mwenye uso apate ujira. Mikataba iandikwe kwa lugha anayoielewa anayeitia sahihi. Walimu wa uigizaji wavilete vipindi hivi darasani, wavisimamishe picha kwa picha, waonyeshe mkono ulipopanda kiunoni na kwa nini ulipanda wakati ule.

Nasi watazamaji tuna deni letu. Tumezoea kusema fulani ni mchekeshaji kwa sauti ya kumpunguza, tukidhani kwamba anayetuchekesha hafanyi kazi. Anafanya. Ukikutana na mmoja wao sokoni Burma au kituo cha basi, usimwombe akuchekeshe bure. Msalimie kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, kisha umshukuru. Mary Khavere ni mwigizaji mkubwa, na jina lake lisimame katika historia ya sanaa ya Kenya pamoja na ya waandishi na waimbaji wetu bora.