Ufa Kwenye Muhuri

Msalaba wa Chuma wa daraja la pili, toleo la 1939, walivishwa wanajeshi wa Ujerumani zaidi ya milioni mbili. Kwa wingi huo mtu angetarajia yote ilingane. Hailingani, na wapo watu waliotoa sehemu kubwa ya maisha yao kujifunza inapotofautiana. Kazi yao naiheshimu sana.

Nishani yenyewe ina sehemu tatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili zinazokibana mbele na nyuma, zikalehemiwa ukingoni. Mbele kuna swastika na mwaka 1939. Nyuma, kwenye mkono wa chini, umeandikwa 1813, mwaka ambao mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliianzisha. Mchoro uliandaliwa na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel, na jina lake limebaki kwa wakusanyaji kama jina la mojawapo ya aina wanazozisaka zaidi. Nishani ilipofufuliwa tarehe 1 Septemba 1939, upana wake uliongezwa hadi kama milimita 44. Baadhi ya viwanda, hata hivyo, viliendelea kwa muda na fremu za vipimo vya Vita Kuu ya Kwanza, karibu milimita 42, zenye mikono inayobana zaidi inapokutana katikati; hiyo ndiyo aina ya Schinkel. Tofauti ni milimita mbili tu. Jicho lisilozoea halizioni.

Aina nyingine haionekani kabisa. Unasogeza sumaku na msalaba haushtuki, kwa sababu kiini ni cha shaba ya manjano au zinki. Husimuliwa kwamba hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, isipate kutu baharini. Mchunguzi mzuri huiweka simulizi hiyo kando kwanza, akaangalia kiwanda, fremu na rangi, kisha ndipo aamue kama simulizi ina mashiko.

Alama za viwanda husaidia, ila kwa kiasi. Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, kwa mfano, walitumia namba 4 kwa nishani zilizoagizwa na serikali, na L/16 kwa zile zilizouzwa madukani. Lakini namba mtu yeyote anaweza kuigonga hata leo. Kigumu kughushi ni kile ambacho fundi mwenyewe hakukusudia kukiweka.

Fremu hupigwa kwa muhuri wa chuma kigumu. Muhuri ukitumika mara nyingi huchoka, na siku unapopata ufa, metali ya fremu husukumwa kuingia ndani yake. Juu ya nishani ufa huo hutokea kama mstari mwembamba ulioinuka, pengine kati ya vishanga vidogo vya ukingo wa ndani. Unahitaji lenzi, na taa iliyolazwa ubavuni ili mstari utupe kivuli. Nishani zilizopigwa baadaye zitakuwa na mstari mrefu zaidi, au wa pili kando yake. Fundi anaweza kuusugua muhuri, lakini chuma kilichopasuka hakijiungi chenyewe. Basi ukizipanga nishani kwa kufuata urefu wa ufa, umepata mfuatano wa utengenezaji ambao hakuna karani aliyeuandika.

Njia hiyo ilileta ubishi mkubwa juu ya Ritterkreuz, ule msalaba unaovaliwa shingoni. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliruhusu nishani za vita zivaliwe tena bila swastika, majani ya mwaloni yakachukua nafasi yake. Steinhauer & Lück walitengeneza pia toleo hilo jipya, na kasoro zilezile za muhuri zikaonekana kwenye misalaba yenye swastika iliyokuwa ikiuzwa kuwa ya vitani. Ilibidi kila kasoro itafutiwe zamu yake. Vipande vyenye historia safi, kama vile vilivyokutwa na askari wa Marekani mwaka 1945 katika kasri la Klessheim karibu na Salzburg, vikawa kipimo cha kulinganishia vingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa kazi hii. Sarafu za heleri 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, hutenganishwa kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L: zimepinda au zimechongoka.

Kuna anayeuliza kwa nini mtu apoteze macho yake kwa alama ya utawala ulioua mamilioni. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba biashara ya nishani bandia hustawi kwa mapenzi ya alama hiyo, na mchunguzi huitazama kama chuma, rangi na risasi ya kulehemu. Akiletewa nakala iliyomiminwa kwenye kalibu, ufa wa muhuri ataukuta umenakiliwa pamoja na vingine, ila kingo zake zimefifia, na kwa kuwa metali husinyaa ikipoa, kipimo kitasoma pungufu kidogo kuliko inavyopaswa. Hapo humrudishia mwenyewe nishani yake na kumweleza alichokiona.