Habimana JD ni Nani?

Katika uandaaji wa muswada wa kisayansi, hakuna kanuni iliyowadhulumu waandishi wa Rwanda kimyakimya kama ile inayolikata jina la mtu na kumwachia herufi mbili tu za mwanzo, na dhuluma hiyo haionekani London wala Boston, bali hujitokeza pale daktari wa hospitali ya Masaka au mhadhiri wa chuo cha ufundi cha IPRC Kigali, wote wa Kicukiro, anapoketi kupanga orodha ya marejeleo, yaani ukurasa wa mwisho unaotaja kazi zote alizozitegemea, kisha akagundua kwamba wenzake watatu wamegeuka mtu mmoja.

Asili ya mtindo wenyewe, uitwao Vancouver, inajulikana. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, nchini Kanada, mwaka uliofuata wakatoa masharti ya pamoja ya miswada, na muundo wa marejeleo ukatoka katika Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambako mwandishi huandikwa jina la ukoo likifuatwa na herufi za mwanzo za majina mengine, zisizozidi mbili, bila nukta wala mkato kati yake. Kuzipa kazi namba kwa mpangilio wa kutajwa kwake ndani ya matini kulikuwa jambo jema, na namba ya DOI, ambayo ni anwani ya kudumu ya makala mtandaoni, iliongezwa baadaye bila kumdhuru yeyote.

Kosa limo katika zile herufi mbili. Majina ya ubatizo yaliyoenea Rwanda kutokana na Ukatoliki na Kifaransa huwa ya maneno mawili au matatu, na mengi huanza na Jean au Marie. Hivyo Jean de Dieu huwa JD, Jean Damascène huwa JD, na Jean d'Amour naye huwa JD, ilhali Jean Bosco na Jean Baptiste wote huishia kwenye JB, na Marie Claire hatofautiki tena na Marie Chantal. Herufi hizo zikiambatanishwa na Habimana, jina la Kinyarwanda lenye maana kwamba Mungu yupo na ambalo wanalo watu wasiohesabika, basi “Habimana JD” anaweza kuwa mtaalamu wa malaria, mhandisi wa maji na mkunga, na msomaji aliyeko Nairobi hana njia ya kujua kama anasoma kazi za mtu mmoja mwenye vipaji vingi au za watu watatu ambao hawajawahi kuonana. Rejeleo lisilomtambulisha mwandishi limeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama nukta na mikato yake imekaa sawasawa.

Wanaoutetea mtindo huu husema kwamba jina la ukoo linatosha kuwatenganisha watu, na hapo ndipo wanapodhihirisha kwamba hawakumuuliza Mnyarwanda yeyote. Kwa desturi ya Rwanda jina la Kinyarwanda ni la mtu mwenyewe, hupewa mtoto anapozaliwa wala si lazima alirithi kwa baba. Rais Paul Kagame ni mtoto wa Rutagambwa, na kushirikiana kwake jina na padri na mwanafalsafa Alexis Kagame, aliyefariki mwaka 1981, hakuthibitishi undugu wowote. Kwa hiyo kinachoitwa jina la ukoo katika masharti ya majarida hakipo Rwanda kwa maana iliyokusudiwa, na mzigo wa kumtofautisha mtu hubebwa na lile jina la pili ambalo kanuni imeamua kulikata.

Programu za kupangia marejeleo zimelizidisha tatizo badala ya kulitatua. Katika karatasi za serikali na za shule Mnyarwanda huanza na jina la Kinyarwanda, akaandika Habimana Jean Bosco. Programu isiyoona mkato hulichukua neno la mwisho kuwa ndilo jina la ukoo, ikamzaa mwandishi mpya aitwaye “Bosco HJ”. BibTeX, iliyotokea mwaka 1985 na ambayo wahandisi huipenda mno, ina hila yake: ikikuta neno linaloanza kwa herufi ndogo katikati ya jina, hulidhani kuwa kiungo cha majina ya Kizungu, hivyo Jean de Dieu Habimana huhesabiwa kuwa mtu wa ukoo wa “de Dieu Habimana” na kupangwa mbali kabisa na herufi H. Dawa ya mitego yote miwili ni mkato mmoja, kwa kuandika “Habimana, Jean de Dieu” wakati wa kuingiza taarifa, lakini anayebonyeza kitufe na kuondoka hawezi kuukumbuka.

Wakutubi wa zamani walikuwa wameliona jambo hili mapema. Mkutano wa kanuni za kukatalogi uliofanyika Paris mwaka 1961 uliamua kwamba neno la kuanzia katika jina la mwandishi lifuate, kadiri iwezekanavyo, desturi ya nchi ambayo mwandishi ni raia wake, na mwaka 1967 A. H. Chaplin alitoa mkusanyo wa desturi za majina za mataifa mbalimbali ili mkutubi asibahatishe. Watu wale walifanya kazi kwa kadi na taipureta, na bado waliwaheshimu wenye majina kuliko mashine za leo. Waswahili nao hawana la kujivunia hapa, kwani orodha nyingi za fasihi zinaendelea kuandika “Robert, S.” kana kwamba vitabu vya mwandishi Shaaban Robert vilitungwa na baba yake.

Hoja kwamba herufi za mwanzo huokoa nafasi ilikuwa na uzito zama za faharasa zilizochapwa kwenye karatasi, lakini maktaba ileile ya Marekani ilianza kuingiza majina kamili ya waandishi katika hifadhidata yake kwa makala zilizotoka kuanzia mwaka 2002, na faharasa ya karatasi, Index Medicus, ikasitishwa mwaka 2004. Kinachokatwa leo kimekwisha kuhifadhiwa kizima mahali pengine. Namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16 kilichoanza kutolewa mwaka 2012, hutajwa kama suluhisho, ila haichapwi ndani ya orodha ya marejeleo, na Alexis Kagame hawezi kufufuka ajiandikishe.

Mtindo huohuo wa Vancouver huwataja waandishi sita na kuwafunika waliobaki kwa “na wenzake”, jambo ambalo safu hii haijawahi kulisamehe. Mtindo wa Chicago, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1906, huruhusu jina zima. Jarida la Kigali linaloandika masharti yake lenyewe halihitaji kibali cha Vancouver ili kuongeza sentensi moja: jina la ubatizo la mwandishi lisifupishwe.