Mfumo wa Biashara Hupimwa Siku Mbaya

Anayeuza mfumo wa kusimamia biashara huja na siku njema mfukoni. Oda inaingia, ankara inatoka, fedha inapokewa, michoro ya rangi inapanda. Usihukumu kwa hayo, maana hata mfumo duni huyamudu. Ukiwa na duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, lenye stoo mbili na wateja wa mali kauli, omba uonyeshwe siku mbaya. Leta bidhaa zako mwenyewe, kisha jaribu haya.

Vipimo

Waya wa umeme hununuliwa kwa roli ya mita 100 na kuuzwa kwa mita. Misumari huingia kwa katoni na kutoka kwa kilo. Ingiza roli moja, uza mita 37, kisha uliza zimebaki ngapi na faida ya hizo zilizouzwa ni kiasi gani. Mfumo mzuri hujibu yote mawili papo hapo. Ukiambiwa ufungue bidhaa mbili, moja ya roli na nyingine ya mita, jua kwamba kila mwisho wa mwezi karani wako atakuwa akizipatanisha kwa mkono.

Andiko moja

Pokea mifuko 200 ya saruji stoo, halafu usiguse kitu kingine. Idadi ya stoo iwe imepanda, deni la msambazaji liwe limesomeka, na leja ya mhasibu iwe na pande zote mbili za hesabu. Mhasibu akilazimika kuandika upya kilichokwisha kuandikwa na mtunza stoo, ulichouziwa ni programu kadhaa zilizowekwa chini ya jina moja.

Mzigo unaporudi

Hapa ndipo ubora hujianika. Mkopeshe mteja mifuko 20, apunguze deni kwa M-Pesa, kisha arudishe mitatu iliyoganda. Tazama stoo, deni, kodi na kamisheni ya muuzaji: vyote vinne vibadilike pamoja. Mifuko iliyoganda isirudi kwenye hesabu ya mali ya kuuza. Ankara ya kwanza nayo ibaki ilivyo, na chini yake liandikwe andiko la kuisahihisha, lenye jina la aliyelifanya na saa. Mfumo unaomruhusu mtu kufuta ankara bila alama humpa mwizi karatasi nyeupe. Mamlaka za kodi nazo hazikubali ufutaji huo: Kenya, ankara iliyokwisha kupita eTIMS, mfumo wa serikali wa ankara za kielektroniki, hairekebishwi ila kwa hati nyingine ya kuipunguza.

Kodi na tarehe

Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 ikairudisha 16. Uliza: kiwango kipya kinaweza kuandikwa leo kianze kazi mwezi ujao? Ankara za zamani zitabaki na kiwango chake? Jibu likiwa "tutamwita fundi", kiwango kimefungiwa ndani ya programu, na kila bajeti ya serikali itakugharimu.

Mtandao unapokatika

Zima intaneti katikati ya mauzo. Mtandao ukirudi, ukute mauzo yote yameingia au hayakuingia kabisa. Stoo iliyopungua bila ankara ni dalili ya kazi ya ovyo isiyotibika kwa mafunzo ya wafanyakazi.

Kununua au kuunda

Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, iliuacha mwaka 2018 mradi wake wa kuhamia kwenye mfumo wa biashara wa SAP, mradi ulioripotiwa kugharimu takriban euro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mali ya stoo kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulitarajia bei ya kuuzia, na kampuni ikachagua kuupinda mfumo. Kwa hiyo fundi bora humjui kwa wingi wa alivyoviongeza. Yeye hukuuliza kwanza kama utaratibu wako una sababu au ni mazoea tu.

Duka la kawaida halina haja ya kuandikiwa leja upya. Kuna programu huria, kama ERPNext ya India na toleo la jamii la Odoo ya Ubelgiji, ambazo zimekwisha kushughulikia stoo, mauzo na ununuzi. Mlipe fundi kwa kile kinachokutofautisha, mathalani masharti yako ya mali kauli. Nyongeza zake zikae pembeni ya programu ya msingi, ili toleo jipya likija zisivunjike. Mwambie akuonyeshe zikinusurika.

Mlango wa kutokea

Mwisho, omba wateja, madeni, bidhaa na leja nzima vitolewe kwenye mafaili yanayofunguka kwingine, na uvitoe mwenyewe bila kuomba ruhusa. Hesabu usizoweza kuondoka nazo si zako.

Mfumo ukishindwa jaribio la vipimo, huenda bado ukafaa duka dogo lenye bidhaa chache. Ukishindwa la mzigo kurudi, usiununue hata kwa bei ya bure. Na usitie saini kabla karani wako na mtunza stoo hawajaujaribu kwa mikono yao, kwa kuwa wao ndio watakaoishi nao.